Mtangazaji wa Mpira ni Macho ya Msikilizaji

Agosti 2025 haitasahaulika haraka. Harambee Stars, katika fainali zao za kwanza za CHAN, waliwalaza DR Congo, Morocco na Zambia, kila mmoja bao 1-0, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti pale Kasarani. Huku Pwani, mwenye tuktuk, mlinzi wa usiku na mama muuza mahamri hufuata mechi kama hizo kwa redio. Kwao mtangazaji ndiye macho.

Macho hayo siku hizi yanaona nini? Mimi ni msikilizaji wa kila wikendi, na mara nyingi dakika 5 hupita bila kuambiwa mpira anao nani wala ni ngapi kwa ngapi. Tunapewa mayowe, salamu za mashabiki na kejeli juu ya umbo la mchezaji. Beki akiteleza huitwa gunia. Refa akipuliza filimbi tusiyoipenda, husemwa amekula mlungula, bila ushahidi wowote.

Sidai mpira usomwe kama matangazo ya vifo. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown aliyetuaga Februari 2025, alikuwa na mbwembwe zake, na bado ulijua mpira uko upande gani. Huyo huyo ndiye aliyetuuliza kwa miaka mingi, "Je, Huu ni Ungwana?" Swali hilo sasa linawahusu warithi wake.

Naona sababu mbili. Kwanza, mechi nyingi za Ulaya hutangazwa na mtu aliyeketi studio akitazama runinga kama sisi. Asichokiona hukijaza kwa porojo, na mazoea hayo huyabeba hadi uwanjani. Pili ni kamari. Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kwa kuona yanavyowadhuru vijana. Lakini mtangazaji akichanganya krosi na wito wa kuweka mkeka, mtoto wa miaka 14 atatenganishaje habari na biashara?

Utani ni wetu Waswahili, hatuuogopi. Ila utani una mipaka, na dini yetu inatufunza kusema la kheri au kunyamaza. Matusi ya redioni hayaishii redioni. Jioni utayasikia viwanjani mitaani, watoto wakitupiana maneno yale yale, na aliyekosa penalti akirudi nyumbani kwa aibu.

Wakuu wa vituo wanaweza kurekebisha hili bila gharama kubwa. Mtangazaji ayajue majina ya wachezaji kabla ya mechi na ataje matokeo kila baada ya dakika chache. Tangazo la biashara lisubiri mapumziko. Na anayemtuhumu refa kwa rushwa aulizwe ushahidi wake siku hiyo hiyo, kama anavyoulizwa mwandishi wa habari yeyote.