Mwalimu wa Ngoma, Pesa Kwanza Halafu Somo

Kuna watu wengi Kisii na Nyamira wanaojua kupiga ngoma vizuri, lakini ngoma haiwalishi. Shida si wanafunzi. Kila mwaka shule hujiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, na hapo hutafutwa anayejua ngoma na obokano, ile ala yetu ya nyuzi nane. Makanisa ya Katoliki nayo yanataka wapigaji wa kwaya. Wasabato ni wengi huku na makanisa yao mengi hayatumii ngoma, kwa hivyo ujue majirani zako kabla hujaanza kutafuta wanafunzi.

Shida ni malipo. Umemfunza mtoto saa nzima, mzazi anasema, "Mwalimu, nitakutumia jioni." Jioni inageuka wiki. Wengi wanaona ngoma ni kipaji tu, si kazi. Mimi nasema mwalimu alipwe kabla ya somo, na asione haya kusema hivyo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme unatoka Keroka kufunza mtoto nyumbani kwao. Somo ni shilingi 500, na bodaboda kwenda na kurudi ni 200. Masomo manne kwa mwezi ni 2,000. Ukitoa nauli, unabaki na 1,200. Sasa siku moja ufike uambiwe mtoto ameenda kwa shangazi. Hulipwi, na nauli imeenda. Unabaki na 700. Somo moja tu limekula zaidi ya thuluthi ya faida yako.

Utaniambia wazazi hawana pesa ya mwezi mzima kwa mkupuo. Ni kweli. Mkulima wa chai hungoja malipo ya mwezi, wa ndizi hungoja siku ya soko. Basi mwache alipe kwa wiki, 500 usiku wa kuamkia somo. Pesa isipoingia, hupandi boda. Kiasi kinaweza kupungua, lakini kulipa kwanza kubaki palepale. Na mkubaliane mapema: mtoto akikosa bila taarifa, somo limehesabiwa, ukikosa wewe, unalifidia.

Usipokee ada kwenye laini ileile ya matumizi ya nyumbani. Chukua nambari ya till, hata kama una wanafunzi watatu. Mwisho wa mwezi utaona nani amelipa bila kugombana na mtu, na siku ukitaka mkopo wa kununua ngoma nyingine, taarifa ya malipo itakusaidia kuonyesha kwamba una kipato.

Mzazi akikuonyesha meseji kwenye simu yake, angalia salio lako mwenyewe kwanza. Mtu akipiga simu kwamba ametuma kimakosa, usimrudishie wewe. Mwambie apigie huduma kwa wateja. PIN usimpe yeyote, hata mwanafunzi wako unayempenda sana.

Kabla ya mwanafunzi anayefuata, mtumie mzazi meseji moja: bei, siku, na nambari ya kulipia.