ALIYEVISHWA SI MWENYE MALI

Ndugu wananchi wa Tandale, Mwananyamala, Tandika na Mbagala! Kiko kitenzi kimoja cha Kiingereza kinachotumiwa kututisha: "vest". Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika maandishi yake ya Kiingereza, yasema kwa kitenzi hicho kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imekabidhiwa Rais. Basi wajanja wakija mitaani na karatasi zao hutuambia: "Ardhi hii si yenu, ni ya Rais. Ondokeni!"

Sisi twasema huo ni uongo, na kitenzi chenyewe ndicho shahidi wetu.

Asili yake ni neno la Kilatini "vestis", yaani nguo. Ndiyo sababu hata fulana Waingereza huiita kwa jina hilo hilo. Huko Ulaya zamani mtu akipewa cheo alivikwa joho. Kumvika ndiko kumkabidhi. Leo kitenzi hiki ni cha wanasheria, na maana yake ni kumkabidhi mtu haki au mamlaka. Ni kweli, kikisimama peke yake chaweza hata kumpa mtu mali moja kwa moja. Lakini sheria yetu haikukiacha peke yake. Yaendelea kusema kwamba Rais ni mdhamini kwa niaba ya raia wote. Wanaotutisha hulisoma joho, wakalimeza neno mdhamini!

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Mwaka 1923 Waingereza wakaiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Babu zetu hawakuulizwa.

Leo Gavana hayupo. Serikali yaweza kutwaa kiwanja kwa manufaa ya umma, hatukatai. Lakini sheria hiyo hiyo ya 1999 yataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Tena mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Kwa hiyo, ndugu, ukiletewa karatasi ya Kiingereza usitie dole gumba. Taka isomwe kwa Kiswahili, mbele ya majirani na mjumbe. Kisha uliza: Kwa niaba ya nani? Fidia iko wapi?

Joho limevaliwa kwa ajili yetu. Kitambaa ni chetu.