Eti Ukikaa Karibu na Waridi Utanukia

Kuna imani inayopendwa sana na madiwani, wauza viwanja na hata jamaa zetu walioko ughaibuni: kwamba maskini akipakana na tajiri, naye huinuka. Likisimama jengo la kifahari, mtaa wa pili utapata ajira, taa, lami na shule nzuri. Ukikaa karibu na waridi utanukia. Na mfano unaotolewa kila mara ni London, eti kule hakuna Masaki na Manzese wala Muthaiga na Mathare, maana bwanyenye na mfagiaji wanapanda basi moja na watoto wao wanacheza bustani moja.

Bustani ipi? Tuanzie Kensington, magharibi ya jiji. Katika mitaa ya Ladbroke, nyuma ya majumba meupe ya karne ya 19, zimo bustani ambazo mpita njia huziona kwa kuchungulia kati ya nondo. Waliotazama filamu ya Notting Hill ya mwaka 1999 watawakumbuka wapenzi wawili wakiparamia uzio usiku. Ile ni Rosmead Garden. Geti lina kufuli, na ufunguo wanao wakazi wa nyumba zinazoizunguka. Kwa sheria ya mwaka 1851, ada ya kutunza bustani za namna hii hukusanywa na halmashauri yenyewe pamoja na kodi ya nyumba. Yaani mamlaka ya umma imekuwa karani wa bustani ambazo umma hauingii.

Kutoka geti hilo hadi Notting Dale hakufiki kilomita moja. Majumba yale yalipokuwa yakijengwa, Notting Dale ilikuwa makazi ya wafyatua matofali na wafuga nguruwe. Charles Booth, aliyeanza kuchapisha ramani zake za umaskini mwaka 1889, alipaka mitaa ya wakwasi rangi ya njano na ya mafukara rangi nyeusi, na hesabu yake ikaonyesha kuwa asilimia 30.7 ya wakazi wa London waliishi katika umaskini. Hapo Notting Dale ilikuwa tayari inajulikana jiji zima kwa ufukara wake, na waridi lilikuwa pale pale ng'ambo.

Vizazi vikapita katika ujirani huo. Usiku wa 14 Juni 2017, kilichonukia Notting Dale ni moshi. Moto ulioanzia kwenye friji katika ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, jengo la nyumba za halmashauri, ulipanda ukuta wa nje hadi juu ya jengo lote la ghorofa 24. Walikufa watu 72, wakiwemo waliotoka Morocco, Eritrea, Ethiopia na Sudan. Kuta zilikuwa zimevikwa paneli za alumini zenye plastiki ndani, zilizochaguliwa badala ya zinki ili kuokoa takriban pauni 293,000. Mfuko wa halmashauri haukuwa mtupu: ilikuwa na akiba ya pauni milioni 274. Mwaka 2014 iliona ina ziada, ikawarudishia wakazi pauni 100 kila kaya, lakini kwa waliolipa kodi ya nyumba kikamilifu tu. Waliopata nafuu ya kodi kwa sababu ya kipato kidogo hawakuhesabiwa. Na katika maombi ya kibali cha ukarabati, pamoja na suala la kuzuia baridi, iliandikwa kwamba jengo litapendeza zaidi likitazamwa kutoka mitaa ya jirani. Basi ujirani na tajiri uliwaletea hicho: walipambiwa ukuta usiyachukize macho ya wengine.

Nitaambiwa kuwa Grenfell ni kosa la makampuni na serikali. Ndiyo, ripoti ya uchunguzi ya Septemba 2024 iliwabebesha lawama wote, halmashauri ikiwemo. Swali langu ni jingine: yale mabilioni ya jirani yalimkinga nani?

Ukitaka kujua kwa nini mabilioni hayo hayavuki barabara, soma bili ya kodi. Nyumba za England hupangwa kwa madaraja ya kodi kutokana na bei za mwaka 1991, mpaka leo. Daraja la juu kabisa hulipa mara tatu tu ya lile la chini. Matokeo yake, jumba la mamilioni Westminster hulipa takriban sawa na nyumba ya kawaida ya daraja la D kule Barking, mashariki ya jiji, wanakoishi Waafrika wengi. Ndugu zetu wanaopanda basi namba 25 kabla ya alfajiri kwenda kusafisha ofisi za City, eneo la mabenki, wanaufikia utajiri kila siku. Wanaufuta vumbi, kisha wanarudi.

Wakati mwingine jirani tajiri hata hakai na maskini, anawaondoa. Elephant and Castle, kusini ya jiji, ilikuwa na mtaa wa Heygate, wenye nyumba zaidi ya 1,000 za halmashauri. Zikabomolewa. Mpango wa kujenga nyumba mpya zipatazo 2,500 ulipopitishwa mwaka 2013, za pango la kijamii hazikufika hata 100.

London ina mazuri yake, sikatai. Hospitali ya umma inamtibu mfagiaji bila malipo, na shule zake nyingi za serikali ni nzuri. Lakini hayo yameletwa na kodi, sheria na watu waliopiga kelele. Hayakuletwa na harufu ya mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Kinondoni au Kangemi, diwani akija na mchoro wa mnara wa vioo utakao"inua mtaa", muulize mambo matatu. Mwenye mnara atalipa kodi kiasi gani? Fedha hiyo itatumika mtaa gani? Nyumba ngapi za pango nafuu zimeandikwa kwenye mkataba, kwa tarakimu? Akikosa jibu, pingeni kibali.