Maji Yanayokula Vigae

Shule zinapofungwa watoto wengi hupelekwa kuogelea, na sisi wauguzi tunaosafisha vidonda hulitambua jambo hilo bila kutazama kalenda. Huletwa watoto waliochanika nyayo na vidole vya miguu. Mama huuliza chupa ilikuwa wapi, na mtoto husema hapakuwa na chupa. Amekatwa na ukingo wa kigae cha bwawa.

Kigae chenyewe kina mng'aro mgumu ambao maji hayauwezi. Kinacholiwa ni saruji iliyozibia viungo, ile ambayo mafundi huiita grauti. Ikishalika, kingo za vigae hubaki wazi, kali kama wembe, na baadhi ya vigae hulegea na kuvunjika. Wenye bwawa humlaumu fundi. Pengine anastahili lawama, lakini mara nyingi aliyekula saruji ile ni maji yenyewe, tena maji masafi yanayometameta, ambayo kila mzazi akiyatazama huridhika.

Ili tuelewane, twende kwanza jikoni. Akina mama wa pwani wanaotumia maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe wanaujua ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika. Hiyo ni chokaa. Maji yamepita kwenye mwamba wenye chokaa, yakaibeba ikiwa imeyeyuka, na moto ukaifanya igande. Maji kama hayo ndiyo yanayokula sabuni nyingi bila kutoa povu. Maji ya mvua ni kinyume chake. Hayajagusa mwamba wowote, kwa hiyo sabuni kidogo tu povu linajaa beseni, na birika halipati utando.

Kwa kufulia, maji ya mvua ni neema. Kwa bwawa lenye vigae, maji hayo yana njaa. Hayana chokaa, nayo huitafuta, na chokaa iliyo karibu ni ile iliyomo kwenye saruji. Huichota kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa miezi. Mwaka 1936 Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa hesabu ya kujua kama maji yataila chokaa au yataigandisha. Yeye alikuwa akifikiria mabomba ya maji, lakini watunza mabwawa wanaitumia hesabu hiyo hadi leo. Ndani yake mna joto la maji, pH, uwezo wa maji kuhimili asidi, na kiasi cha kalsiamu.

Kwa bwawa la vigae, kalsiamu inatakiwa iwe kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita. pH iwe kati ya 7.2 na 7.8. Hizi ni namba ambazo mama yeyote aliye kwenye kamati ya wazazi, au anayesimamia hosteli yenye bwawa, anaweza kuziuliza. Tumeona akina mama wakijaribu. "Shikamoo mzee, kalsiamu ya maji haya ni ngapi?" Jibu huwa, "Marahaba mama, klorini ipo ya kutosha." Klorini ni jambo jema, inaua vijidudu, lakini haikuwa swali. Kipimo cha kalsiamu si kigumu. Maji kidogo huwekwa kwenye kichupa pamoja na dawa inayoyafanya yawe mekundu, kisha matone huhesabiwa mpaka rangi igeuke buluu. Mara moja kwa mwezi inatosha, na mara nyingine baada ya mvua za masika, kwa sababu mvua kubwa hujaza bwawa maji yasiyo na chokaa na kuyamwaga nje yale yaliyokuwa nayo.

Ikionekana iko chini, huongezwa kloridi ya kalsiamu. Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.25. Hilo lina lita 50,000. Kuitoa kalsiamu kwenye 100 na kuifikisha 200 kunahitaji kilo 7 hivi za dawa hiyo ya kawaida ya vipande, nayo igawanywe kwa siku mbili au tatu. Hapa tunaomba muwe waangalifu sana. Dawa hiyo ikigusana na maji hutoa joto kali. Aliye zamu achukue ndoo ya plastiki iliyojaa maji, atie dawa kidogo kidogo, avae glavu na miwani. Asimwagie dawa maji juu yake hata siku moja. Wala isitiwe siku moja na soda ya kuokea, ambayo wengine hutumia kurekebisha maji, kwani vikikutana bwawa zima hugeuka kama tui.

Na huko kugeuka kama tui ndiko kunakotuogopesha kuliko vidonda vya miguu. Maji yakishiba chokaa kupita kiasi, hasa pH ikipanda, hupoteza uangavu. Kwenye vigae hutokea mstari mweupe pale maji yanapoishia, na mabomba na kichujio huanza kuziba. Hayo ni hasara ya mwenye bwawa. Lakini mtoto aliyezama chini ya maji meupe haonekani. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono kama tunavyodhani. Hunyamaza na kushuka. Kwa hiyo, mama, kabla hujamvua mtoto nguo, simama ukingoni upande wa kina kirefu utazame chini. Usipoviona vigae vya chini kwa uwazi, mtoto asiingie, hata kama kiingilio kimeshalipwa na binamu zake wote wameshatumbukia. Ukungu huo unaweza pia kutokana na kichujio kibovu au klorini haba. Sababu yoyote iwayo, jibu ni lile lile.

Chokaa huongezekaje bila mtu kuitia? Kwanza, jua huvukiza maji na kuiacha chokaa nyuma, kama chumvi inavyobaki. Pili, klorini ya unga inayotumika sana kwetu ina kalsiamu ndani yake, hivyo kila kopo huongeza. Bwawa linalotumia vidonge vya klorini haliongezewi kalsiamu, ila vidonge hivyo hushusha pH, na hapo njaa ya maji hurudi. Unga na vidonge visichanganywe kamwe, hata kwenye kopo moja la kupimia, kwani vinaweza kulipuka. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi inayounguza mapafu. Chumba cha dawa kifungwe kwa kufuli, na ufunguo usiachwe mlangoni.

Kupunguza kalsiamu hakuna dawa ya mkato. Hutolewa sehemu ya maji na kutiwa mengine. Bwawa lenye 600 likitolewa nusu na kujazwa maji yenye 100, hubaki 350. Ukijaza kwa maji ya kisima kile kile cha matumbawe hujafanya kitu. Hapo ndipo maji ya mvua yanapokuwa na faida. Maji yote yasitolewe bila fundi, maana penye maji ya chini ya ardhi bwawa tupu linaweza kusukumwa juu na kupasuka.

Tumeulizwa pia kama maji hayo yenye chokaa humdhuru mtoto akiyameza. Chokaa yenyewe si sumu, na Shirika la Afya Duniani halikuiwekea kikomo cha kiafya katika maji ya kunywa. Maji ya bwawa hayanywewi kwa sababu nyingine kabisa, nazo kila mama anayelea watoto wadogo anazifahamu.

Mtoto akikatwa na kigae, osha kidonda kwa maji safi ya bomba na sabuni, si kwa maji ya bwawa. Tazama kama kuna kipande kilichobaki ndani. Bana kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, na usitie majivu wala dawa ya meno. Kidonda kikiwa kirefu, au kadi ya kliniki ikionyesha chanjo za pepopunda hazikukamilika, mlete zahanati siku hiyo hiyo. Ukishamaliza, mwonyeshe mtunza bwawa kigae kilichomkata mwanao, ili sehemu hiyo izibwe kabla watoto wengine hawajaingia.