Karte ya Baba na Njia ya Bisie

Mwezi huu nina ulizo moja: katika jamaa yenu kuko mtu aliyetumika kwa SOMINKI?

Kampani ile ilizaliwa mwaka 1976, wakati kampani za zamani za Kivu na Maniema ziliunganishwa, zikichimba kasiterite na zahabu. Mwaka 1985 bei ya kasiterite ilianguka katika dunia nzima. Mwaka 1997 SOMINKI ikakufa, SAKIMA ikachukua nafasi yake. Wazee wetu walibaki na karte ya kazi na habari nyingi kichwani.

Je, ni takataka? Hapana! Bila karatasi, nani atasadiki kwamba baba alitumika miaka ile, akidai haki yake? Na muzee anayejua mashimo ya zamani yanapita wapi, anaweza kumwokoa kijana asichimbe juu ya pango lililojaa maji.

Historia haikuisha na kampani. Walikale munajua Bisie: kasiterite ilionekana porini karibu mwaka 2002. Watu walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, siku mbili, mpaka Njingala. Ndege zilishuka juu ya barabara ya lami huko Kilambo, zikaipeleka Goma. Mwaka 2010 serikali ilifunga uchimbaji, mwaka 2011 ikafungua. Mwaka 2019 kiwanda cha Alphamin kikaanza kutoa kasiterite kule Bisie. Mashine watoto wataziona; lakini jasho la wale wabebaji, nani ameliandika? Na ninyi wa Rubaya, koltan yenu inaingia katika simu za dunia nzima. Wachimbaji wake nao wana habari yao.

Yoshua alisimamisha mawe 12 ya Yordani ili watoto waulize maana yake. Basi, vijana, shikeni kaye na biki. Ombeni ruhusa kwanza. Ulizeni wazee: mlima ule uliitwa nani mbele ya kampani? Mulitumia vyombo gani? Nani alifia kule? Lakini musiulize nani ana madini leo. Ulizo hilo linaleta hatari.

Pigeni karte picha kwa simu, mutumie ndugu aliye mji mwingine. Vita vimetufundisha: nyumba ikiungua, karatasi inakwenda nayo. Na chombo cha babu, musikiuze kwa wanunuzi wa vyuma.

Muanze Siku ya Mungu hii, kiisha ibada. Wazee hawatatungoja.