Kabla Hujamwagizia Mtoto Kalkuleta ya Grafu



Ndugu zetu wazazi, mara hii tumeweka kando mambo yetu ya kawaida ili tuzungumzie chombo kimoja ambacho kimetuaibisha sisi, na tunaona kinawagharimu wengi miongoni mwenu: kalkuleta ya kuchora grafu. Mtauliza mwalimu wa madrasa kaingiaje humo. Watoto tunaowasomesha jioni ndio hao hao wanaokwenda shule asubuhi, na mzazi mwenye ndugu Dubai, London au Marekani akitaka kuagiza kitu cha masomo, mara nyingi humuuliza kwanza maalim. Na maalim, hata kama hajui, hujibu.

Ndivyo tulivyofanya sisi. Kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Kampala alikuwa ameingia S.5, anasoma hesabu na fizikia. Mjomba wake aliye Marekani akauliza amletee kalkuleta gani. Tukasema bila kufikiri: mletee ile bora kabisa. Ikaja TI-84 Plus CE, kioo cha rangi, inachajiwa kama simu, na darasa zima likakusanyika kuitazama. Kijana akaitumia mwaka mmoja na nusu. Siku ya mtihani wa majaribio wa S.6 msimamizi akaichukua, akaiweka mezani mbele, akamwonyesha maandishi ya ukurasa wa kwanza wa karatasi. Mitihani ya UNEB inaruhusu kalkuleta ya kisayansi isiyotoa sauti na isiyowekewa programu. TI-84 inawekewa programu. Basi.

Baada ya Maghribi alikuja akatuambia, "Maalim, swali la kuchora sikujua hata pa kuanzia. Nimezoea kubonyeza tu." Msimamizi hakukosea. Shule haikukosea. Yale maandishi yapo kwenye karatasi miaka yote, na sisi tuliotoa ushauri hatukuyasoma.

Kwa hiyo ndugu zetu, mnapotuuliza ipi bora, Casio au TI, sisi sasa tunauliza kwanza: mtoto anafanya mtihani wa nani? Wa UNEB, tumekwishasema. Mwenye mtoto katika shule ya mtaala wa Cambridge na awe macho zaidi, maana humo humo mna kanuni mbili zinazopingana. Hisabati ya A Level, ile yenye namba 9709, hairuhusu kalkuleta za grafu. Lakini somo la International Mathematics la IGCSE, namba 0607, limeandaliwa kwa mwanafunzi mwenye kalkuleta ya grafu mkononi, na asiyekuwa nayo anaanza nyuma. Shule moja, mtoto mmoja, na baada ya miaka miwili kile alichonunuliwa kinakatazwa! Wanaosoma IB wanahitaji ya grafu, ila si zile zinazofanya aljebra yenyewe, yaani unaipa x na y nayo inakurudishia jibu kwa herufi. Hizo ni kama TI-89 na TI-Nspire CAS, na mtihani wa ACT wa Marekani nao unazikataa. Ama SAT, tangu ilipohamia kwenye kompyuta mwaka 2023 kwa walio nje ya Marekani na 2024 kwa walio ndani, imewekewa kalkuleta ya grafu ya Desmos ndani yake. Mtoto anaikuta hapo hapo kwenye kioo.

Sasa tuje kwenye ushindani wenyewe, kwa wale ambao kanuni zinawaruhusu.

Casio ndio waliotangulia. Kalkuleta ya kwanza ya grafu kuuzwa madukani ilikuwa yao, fx-7000G, mwaka 1985. Texas Instruments walikuja na TI-81 mwaka 1990, lakini wakashika shule za Marekani barabara, hata vitabu vya hesabu vya huko vikawa vinaeleza kitufe gani cha TI kibonyezwe. Ndiyo maana ndugu aliye Marekani ukimwambia kalkuleta ya grafu, anakwenda moja kwa moja kwenye TI. Si kwamba amelinganisha. Ndiyo aliyoiona darasani kwake au kwa wanawe.

Tumeiweka TI-84 Plus CE kando ya Casio fx-9750GIII, iliyotoka mwaka 2020, tukazifanyia maswali yale yale. Zote mbili zilichora, zikatafuta mahali mstari unapokata mhimili, zikatatua milinganyo ya pamoja, zikafanya takwimu. TI ina kioo kizuri zaidi, na ukichora mistari mitatu kila mmoja una rangi yake, jambo linalomsaidia sana anayeanza. Casio hii ni nyeusi na kijivu, na nukta zake unaziona kwa jicho. Lakini kule Marekani TI hiyo huuzwa zaidi ya dola 100, na Casio mara nyingi ni nusu ya hapo au karibu na hivyo. Halafu Casio inatumia betri nne ndogo za rimoti ya televisheni. TI ina betri yake ya ndani ya kuchaji, na waya wake ni wa kile kichwa kidogo cha zamani ambacho simu za siku hizi hazina. Kwa familia ambayo umeme hukatika usiku wa kuamkia mtihani, sisi hatuoni ugumu wa kuchagua. Anayetaka rangi bila kuacha betri za kawaida aitazame Casio fx-CG50 ya mwaka 2017.

Kuna na NumWorks ya Wafaransa, iliyotoka mwaka 2017. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mtoto kuielewa bila kufundishwa, maana imepangwa kwa picha kama simu, na ina Python kwa anayetaka kujifunza kuandika programu. Casio zote mbili tulizozitaja zina Python pia. Kwa TI angalia vizuri jina, kuna iliyoandikwa Python na isiyoandikwa.

Jambo moja tumeliona kwa ile TI. Tulimwambia mtoto achore y = x² + 20. Kioo kikabaki kitupu. Akasema imeharibika. Haikuharibika, ilikuwa inatazama kutoka -10 mpaka 10, na grafu ile inaanzia 20 kwenda juu. Mtoto aliyewahi kuchora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba anajua mara moja pa kuinua macho. Asiyewahi, hata umpe ya dola 150, atabaki anaitikisa.

Wapo watu wazima wanaotaka kalkuleta kwa mapenzi tu, na hao tunawaelewa kwa sababu ugonjwa huo tunao. Wapenzi wa zamani watakusimulia HP 50g, iliyouzwa kuanzia 2006 hadi 2015, ambayo unaipa namba kwanza na alama ya kujumlisha baadaye. Sisi tulichofurahia ni kuchora mwendo wa Adhuhuri. Jua hapa Kampala halifiki katikati saa ile ile mwaka mzima. Katikati ya Februari ni karibu saa saba na dakika nne mchana, na mwanzoni mwa Novemba ni karibu saa sita na dakika thelathini na tatu. Tofauti hiyo ya nusu saa ni mawimbi mawili yaliyojumlishwa, moja la mwaka mzima na jingine la nusu mwaka. Tukaandika, tukabonyeza, na mstari ukapanda na kushuka kama tunavyouona kwenye kalenda ya msikiti. Mara ya kwanza ulitoka takataka tupu, kwa sababu pembe zilikuwa kwenye radiani badala ya digrii. Angalieni hilo.

Lakini kwa mirathi, ndugu zetu, msinunue chochote cha grafu. Mume nusu, dada wawili wa baba na mama theluthi mbili: kalkuleta ya kawaida ya kisayansi yenye kitufe cha sehemu itakuandikia 7/6, na mwanafunzi anaiona aul mbele ya macho yake.

Kwa mtoto wa UNEB, basi, sisi tunasema nunua Casio ya kisayansi ya kawaida, kama fx-82 au fx-991, kwa muuzaji unayemjua kwa sababu bandia zipo. Za grafu apate kwenye simu yako. GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter kule Austria mwaka 2001, ni bure, na ukishaiweka kwenye simu inachora hata bila intaneti. Desmos nayo ni bure. Achore kwanza kwa mkono, kisha aifungue simu kuangalia kama amepatia. Pesa ya mjomba ilipie ada.

Kijana wetu alirudi kwenye karatasi ya miraba miezi mitatu kabla ya mtihani wenyewe, kila Jumamosi, grafu tano tano. Alifaulu, alhamdulillah, ila hesabu haikufika pale ilipokuwa inaelekea. Ile TI-84 aliiacha madrasani. Anayetaka kuijaribu kabla ya kumwagiza ndugu yake aje Jumamosi baada ya Alasiri, na aje na waya wa kuchajia, kwa sababu wetu umepotea.