Maji ni ya Nani Katika Nchi Tambarare?

Mtumishi wa umma anayehamishiwa mkoa usio na bahari, ziwa kubwa wala mlima, akishamaliza kulalamikia nyumba hulalamikia jambo la pili: kwamba huko hakuna pa kupumzikia. Mwalimu anayepangiwa shule katika bara kavu husema hivyo hivyo, na siku ya mapumziko humkuta ama kitandani ama kilabuni. Lawama hutupiwa ardhi, kana kwamba ndiyo iliyokataa watu wasifurahi. Hoja hiyo inastahili kupimwa, na mahali pazuri pa kuipimia ni jimbo la Illinois huko Marekani, ambako wenyeji nao husema maneno hayo hayo juu ya nchi yao.

Hapana budi kukiri kwamba wanayo sababu. Illinois ni nchi tambarare. Kilele chake kirefu kuliko vyote, kinachoitwa Charles Mound, hakifiki mita 400 kutoka usawa wa bahari. Zamani nchi hiyo ilikuwa mbuga za majani marefu. Tangu jembe la chuma cha pua lilipotengenezwa huko mwaka 1837, mbuga hizo zimelimwa karibu zote. Leo kiasi cha robo tatu ya jimbo ni mashamba, mengi yakiwa ya mahindi na soya. Vinamasi vilikaushwa kwa mabomba ya udongo yaliyofukiwa chini, na vijito vingi vikanyooshwa vikawa mitaro. Msafiri apitaye barabarani huona shamba, kisha shamba.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walioinama huko Illinois ni wapenzi wa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba na mwepesi, ambao kwa kawaida huchukua mtu mmoja, naye huuendesha kwa kafi lenye mabapa pande zote mbili. Chombo hicho hakidai maji mengi. Kina kidogo tu kinakitosha, na mto usioonekana barabarani huwa njia pana kwa aliyeketi ndani yake. Mashariki ya jimbo upo mto uitwao Middle Fork, tawi la Vermilion, unaopita kati ya kingo ndefu zenye miti, wenye fungu za mchanga ambapo wapiga kafi hutua wakapumzika na kula chakula chao. Kusini kabisa, katika bonde la mto Cache, mtu hupita taratibu katikati ya miti ya kinamasi ambayo mingine imeishi zaidi ya miaka 1,000. Uzuri huo ulikuwapo siku zote, mita chache tu chini ya usawa wa mahindi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba raha hiyo haikuletwa na bahati. Mto Middle Fork ulikuwa umepangiwa kujengewa bwawa, na wananchi waliupinga mpango huo kwa miaka mingi, hata mwaka 1989 kipande chake cha kilomita 27 kikawekwa chini ya hifadhi ya taifa ya mito. Katika mji wa Chicago kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mwaka 1900 mto wa mji huo uligeuzwa uelekee nyuma, ili uchafu usiingie katika ziwa ambalo watu walikunywa maji yake. Tawi lake moja lilipokea damu na matumbo kutoka machinjioni hata likawa likitoa mapovu. Ilihitajika sheria ya maji safi ya mwaka 1972, na mahandaki ya chini ya ardhi yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1975, ndipo samaki wakarudi. Mwaka 2013 nyumba za mitumbwi zilifunguliwa kandokando ya mto ule, na Septemba 2025 waogeleaji walishindana ndani yake kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1927.

Hata hivyo, usafi peke yake hautoshi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu kabisa ya Illinois iliamua shauri la mwenye kiwanja kando ya mto Mazon, aliyetaka kupitisha kayaki yake mbele ya viwanja vya majirani. Kwa kuwa mto huo hauhesabiwi kuwa njia ya vyombo, mahakama ilisema hana haki ya kupita juu ya ardhi ya wengine pasipo ruhusa yao. Maji yanapita bure, lakini aliye juu ya maji ni mvamizi. Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya nchi ile kuliko utambarare wake.

Tanzania ilianza mahali pema zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kwamba maji yote ni mali ya umma, nayo yako mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi. Lakini haki iliyoandikwa haimfikishi mtu majini. Dodoma, ambako watumishi wengi wamehamia tangu mwaka 2016, ina msimu mmoja tu wa mvua, na mito yake mingi ni ya mchanga sehemu kubwa ya mwaka. Pamoja na hayo lipo bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, na kusini zaidi lipo la Mtera. Wavuvi huyapitia kwa mitumbwi kila siku. Mtumishi huyaona kama mahali pa kununulia samaki tu.

Vikwazo vya kweli vinajulikana, navyo si vya kupuuzwa: kichocho, mamba na viboko, tope linalojaza mabwawa, na watu wazima wengi wasiojua kuogelea. Hivyo vyote ni kazi ya binadamu kuvishughulikia. Halmashauri inaweza kupima maji na kutangaza ukweli wake, kuonyesha sehemu salama na sehemu ya hatari, na kutenga njia ya umma ya kufikia maji kabla kingo hazijazungushiwa uzio. Mvuvi mzoefu anaweza kuajiriwa kuwa mkufunzi. Shule zinaweza kufundisha kuogelea, somo linaloweza kumwokoa mtoto hata asiyeshika kafi maishani mwake. Na asiwepo anayeingia majini bila jaketi la kuokolea.

Kupumzika vizuri si anasa kwa mtu anayetarajiwa kufundisha watoto 60 darasani siku ya Jumatatu. Nchi tambarare haimnyimi raha hiyo. Humnyima yule anayeyachafua maji, yule anayeyazungushia uzio, na yule anayeketi mwaka mzima akiilaumu ardhi.